Barua ya wazi kwa wanaosimamia mji wa Kashi: tuonyesheni orodha

Mombasa

Kwa Waheshimiwa,
Mnaosimamia mji, mahekalu na ngazi za mto,
Kashi (Varanasi), Uttar Pradesh,
India.

YAH: VIJUMBA VYA IBADA VINAVYOTOWEKA PAMOJA NA ANWANI ZAKE

Waheshimiwa,

Har Har Mahadev. Nawasalimu kwa salamu ya mji wenu, kisha niwaombe radhi kwa lugha. Nimekwisha kuwaandikia mara tatu kwa Kiingereza na mara moja kwa Kihindi, nikisaidiwa na rafiki. Barua ya kwanza ilijibiwa na mashine: imepokelewa. Ya pili na ya tatu hazikujibiwa hata na mashine. Ya nne niliileta kwa mkono wangu. Karani aliipiga muhuri, akaitupia juu ya rundo, akaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu rundo lilikuwa limenenepa na barua yangu haikuonekana. Sitaitaja ofisi wala karani, maana naye ana wakubwa wake. Lakini jambo likishindikana chumbani hutolewa barazani, na baraza yangu mimi ni ya Waswahili. Kama ninyi hamtaisoma, watu wangu watajua nilisema.

Nianze na sababu ya mtu wa Mombasa kujishughulisha na vichochoro vya Kashi.

Babu yangu mzaa baba alivuka bahari kutoka Kutch akiwa kijana, akashona nguo Mji wa Kale mpaka macho yakamwishia. Kwa Kigujarati babu wa upande huo huitwa dada. Mnaweza kukisia vicheko vya watoto wa mtaani waliposikia mzee wa masharubu anaitwa dada. Alifariki mwaka 1971. Majivu yake mengine tuliyamwaga baharini hapa hapa. Yaliyobaki baba aliyatia kwenye chungu cha shaba, akapanda meli mpaka Bombay, kisha gari moshi siku na usiku mpaka Kashi, akayakabidhi kwa mto Ganga kama mzee alivyousia. Baadaye panda, yaani kuhani anayewaongoza mahujaji, alimpeleka kwenye kijumba cha Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, kilichochimbwa ukutani, kimo cha kiuno cha mtu, na baba akaacha pale taa ndogo ya shaba. Njia ya kufika aliiandika nyuma ya risiti ya duka: ngazi ngapi kutoka majini, kona ya kulia, mwarobaini, mlango wenye pete mbili, kisha Ganesha.

Nilikuja na risiti hiyo. Nilihesabu ngazi, hesabu ikalingana. Kona ya kulia ipo. Mwarobaini haupo, na kutoka pale hakuna kichochoro tena. Kuna uwanja wa mawe yaliyosuguliwa yakang'aa, benchi mbili na kibanda cha mlinzi. Nilimwuliza mlinzi aliko Ganesha wa pale. Alinionyesha kwa kidole hekalu kubwa, akaniambia kwa upole kuwa Ganesha wapo wengi kule ndani.

Ndipo yalipoanza malalamiko yangu, na nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Kashi ni mji wa anwani, nanyi mnaziondoa anwani.

Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba Kashi Khanda, ile sehemu ya kitabu kitakatifu cha Skanda Purana inayousifu mji huu, haikusifu kwa maneno matupu. Imetaja nani anakaa wapi. Vinayaka 56, ndio Ganesha kwa jina jingine, wamepangwa katika duara saba, kila duara na Ganesha wanane kwenye pande nane, na katikati yupo Dhundhiraj. Ukizisoma sehemu hizo miguuni una ramani. Hujaji wa Kashi haendi hekaluni tu. Anapita kituo hadi kituo, anainama, anamwaga maji, anaendelea. Utakatifu wa mji uko kwenye ardhi na kwenye mwendo. Hekalu likianguka hujengwa jingine, ila mahali ni palepale. Kule ngazi za Scindia, hekalu la Ratneshwar limeinama na nusu ya mwaka mto unaliingia ndani, na hakuna aliyesema lihamishiwe pakavu.

Tarehe 8 Machi 2019 liliwekwa jiwe la msingi la njia pana ya kutoka mtoni hadi kwa Vishwanath, hekalu kuu la mungu Shiva, na tarehe 13 Desemba 2021 ikafunguliwa. Majengo zaidi ya 300 yalinunuliwa na kubomolewa. Ndani yake yakaonekana mahekalu ya zamani zaidi ya 40, mengine yakiwa yamemezwa na majiko na stoo za watu. Sitaki kuwa mnafiki: nilifurahi. Niliona bibi kizee anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni kwa Mungu wake, jambo ambalo kwenye vichochoro vya zamani lisingewezekana. Hao 40 wenye vilele na nguzo wamepata watetezi.

Ninaowasemea mimi hawana vilele. Ni shimo la ukutani lenye jiwe lililopakwa sinduri nyekundu. Ni lingamu, jiwe la Shiva, isiyozidi ngumi chini ya mti wa mpipali, na nyoka wawili waliochongwa kwenye kizingiti. Havina hati ya kiwanja wala mlinzi wa zamu. Mwenye nyumba akilipwa fidia, vinahesabiwa ni tofali kama tofali nyingine. Popote mnapopanua njia, naomba mjiulize: kabla ya nyundo, nani alipita na daftari? Daftari hilo liko wapi? Barua zangu zote nne ziliuliza hilo tu.

Mtaniambia kazi hiyo haiwezekani, mji una vijumba maelfu. James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha mji huo kati ya 1820 na 1830, aliupima mji na kuuchorea ramani, akahesabu na watu wake, kwa minyororo ya kupimia na wapagazi. Leo kila kijana wenu ana simu inayojua amesimama wapi duniani.

2. Historia inasimuliwa nusu.

Nilipanda boti mara tano, nikasikiliza waongozaji watano. Wote walianza na kusema Kashi ni mji wa kale kuliko miji yote duniani, na wote walimaliza na hekalu la dhahabu. Hapo katikati hapakuwa na kitu. Sasa mtoto wangu, aliyezaliwa Mombasa, anatoka pale anajua nini?

Hajui kuwa Rajghat, karibu na mto Varana unapoingia Ganga, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makazi ya tangu yapata mwaka 800 kabla ya Kristo, na kwamba miaka 2,800 ni heshima ya kutosha, haihitaji kuongezewa chumvi. Hajui kuwa Buddha alitoa mahubiri yake ya kwanza Sarnath, mwendo wa kilomita kama kumi tu kutoka mjini, na kwamba simba walio kwenye nembo ya taifa la India walitoka juu ya nguzo ya mfalme Ashoka iliyosimama pale. Hajui kuwa Wajaini wanaamini Parshvanatha, mwalimu mkuu wa dini yao, alizaliwa Kashi. Wala hajui habari za Ravidas mshona viatu na Kabir mfumaji, watu wa tabaka la chini waliowaimbia wakubwa ukweli. Kabir ndiye alipokaribia kufa akatoka Kashi akaenda Maghar, mahali ambapo watu waliamini anayefia hapati wokovu, ili aonyeshe kuwa Mungu hafungwi na ardhi. Naam, hoja yake inaipiga barua yangu hii usoni. Lakini mji uliomlea mtu wa kuubishia hivyo ni mji mkubwa, na habari hiyo ilistahili kibao.

Hata hekalu lenyewe la Vishwanath halielezwi sawasawa. Kibao kingeweza kusema kwa mistari minne: lilijengwa upya yapata 1585 siku za waziri Todar Mal na mwanazuoni Narayan Bhatta, likabomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, hili la sasa lilijengwa na Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore, likakamilika 1780, dhahabu ya vilele ilitolewa na mfalme Ranjit Singh wa Lahore katika miaka ya 1830. Kwamba msikiti wa Gyanvapi uko ubavuni na kesi yake iko mahakamani, kila mtu anajua, na mimi sikuja kuhukumu. Ninachodai ni kuwa anayefika pale asisimuliwe hasira bila tarehe, wala tarehe moja bila nyingine tatu.

Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sari moja ya Banarasi ya harusi, nzito ya hariri na nyuzi za dhahabu, aliyoifunga kwenye shuka jeupe ndani ya sanduku la mninga. Mikono inayofuma sari hizo mjini kwenu, sehemu kubwa ni ya Waislamu wa ukoo wa Ansari. Bismillah Khan, aliyepuliza shehnai, zumari ya Kihindi, ikasikika dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2006, alikuwa Mwislamu aliyefanya mazoezi yake mahekaluni, kando ya Ganga. Sisi wa pwani tunajua maana ya adhana na kengele kusikika kutoka baraza moja. Msiutangaze mji kana kwamba umefumwa na uzi wa rangi moja.

3. Mji una jina la mito miwili, na mmoja mmeuita mtaro.

Varana na Asi: hapo ndipo inasemwa jina Varanasi limetoka. Asi ya leo ni maji meusi yanayopita nyuma ya nyumba, na wenyeji wenyewe wanaita nala, mtaro. Mpango mkubwa wa kuusafisha mto Ganga ulizinduliwa hapo hapo kwenu mwaka 1986, na mwingine ukaja mwaka 2014. Najua mmejenga mitambo. Ila Veer Bhadra Mishra, aliyekuwa kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan na papo hapo mhandisi wa maji wa Chuo Kikuu cha Banaras, alitumia umri wake mpaka alipofariki mwaka 2013 akieleza jambo ambalo fundi yeyote wa mtaani anaelewa: mtambo unaotegemea umeme, umeme ukikatika, kinyesi kinaingia mtoni. Alikuwa anazama katika mto huo kila asubuhi kwa ibada, kisha anaupima maji yake. Nitajieni mtu mwingine aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kusikilizwa.

Kuna maji mengine ambayo hamyataji kabisa. Zamani ndani ya mji palikuwa na maziwa matakatifu, Matsyodari na Mandakini. Mvua zikizidi Ganga ilirudi nyuma kupitia Varana ikajaza Matsyodari, na Kashi ikazungukwa na maji pande zote, siku ambayo mahujaji waliiona ni ya baraka ya pekee. Yalikaushwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya usafi. Leo yamebaki majina, Machhodari na Maidagin, na watu wanashuka hapo kutoka kwenye bajaji bila kujua wamekanyaga ziwa. Hili si kosa lenu. Nalitaja mwone jinsi mahali panavyopotea: kwa nia njema, kwa ajili ya usafi, na bila daftari.

4. Moto wa Manikarnika si maonyesho.

Manikarnika ndizo ngazi za kuchomea maiti, na hapa nitasema machache kwa sababu nina hasira. Watu huja Kashi kufa. Wanaamini mtu akikata roho pale, Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kumvusha. Kisha boti za watalii zinasogea mpaka moshi unawaingia, simu zinainuliwa, na mwana wa marehemu aliyenyolewa kichwa anapigwa picha akiizunguka maiti ya baba yake. Ngazini wapo vijana wanaodai mchango wa kuni za maskini, na kuni hizo maskini hazioni. Wakati huo Wadomu, walinzi wa moto huo vizazi na vizazi, wanaopima kuni na kuchokoa majivu kwa mianzi, bado wengi huogopwa kuguswa. Nanyi mnayo hadithi ya mfalme Harishchandra, aliyeuzwa akawa mtumishi wa Mdomu katika ngazi za kuchomea maiti, akamdai mkewe mwenyewe ushuru wa kumchoma mwanawe. Mfalme huyo mmempa ngazi zenye jina lake. Wadomu mmewapa nini? Maji safi na shule ya watoto wao vingetosha kuanzia.

5. Panchakroshi.

Njia ya kuuzunguka mji, karibu kilomita 80, siku tano, vituo 108. Niliitembea. Kandwa, kwa Kardameshwar, kuna hekalu la kale ambalo lingekuwa fahari ya nchi yoyote. Sehemu nyingine hujaji anatembea pekupeku ukingoni mwa lami huku malori yanampangusa bega. Kivuli na njia ya miguu, basi.

Waheshimiwa, najua majibu yenu, maana mengine nimekwisha kupewa kwa mdomo.

Mtasema vichochoro ni hatari, moto ukiwaka zimamoto haipiti, na umati ukisukumana watu wanakufa. Kweli. Sisi wa Mji wa Kale tunaishi na hofu hiyo hiyo. Lakini kuandika kilichopo kabla ya kubomoa hakumzuii zimamoto hata dakika moja.

Mtasema wenye nyumba walilipwa. Walilipwa nyumba. Ganesha wa ukutani hakuwa wao peke yao kumuuza. Alikuwa wa kila aliyewahi kumwachia taa.

Mtasema wewe ni mgeni, na wa ng'ambo tena. Ni kweli sipigi kura kwenu. Lakini majivu ya babu yangu mliyapokea bila kuuliza pasipoti.

Jibu lenu zito ni hili, na alinipa mzee mmoja msomi, nikakosa usingizi: Kashi imebomolewa na kujengwa tangu majeshi ya sultani Ghori yalipoivamia mwaka 1194, na hizi ngazi za mawe ya Chunar mnazozililia nyingi ni kazi ya Wamaratha wa karne ya 18, kwa nini wajenzi wa leo wanyimwe zamu yao? Nimelifikiri sana. Nakubali kila mwaka alioutaja. Lakini Wamaratha walipojenga, walijenga juu ya anwani za zamani, na kuta zao bado zinasema nani alijenga na kwa nini. Zamu yenu mnayo. Iandikeni kama wao.

Tena mwaka 2021 ukingo wa mto wa Varanasi uliingizwa katika orodha ya awali ya India kwa UNESCO. Hongereni. Ila ukingo ni uso. Vichochoro vya nyuma yake ndiyo mwili, na mtu hapelekwi studio kupigwa picha huku mgongoni anatoka damu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nayaomba kwa mpangilio wa uzito wake.

Kwanza kabisa, orodha. Kila kijumba cha ibada kilichoondolewa katika kazi za upanuzi: kilikuwa wapi, kiliondolewa lini, sanamu au jiwe lake liko wapi sasa. Ibandikwe hadharani, kwa Kihindi na lugha nyingine, palipo na mtandao na kwenye ukuta wa ofisi kwa wasio nao. Kama sanamu ziko ghalani, semeni ziko ghalani. Kama zilisagwa pamoja na kifusi, semeni hivyo pia.

Pili, pasibomolewe tena ukuta wowote katika mji wa kale kabla daftari halijapita, likiongozwa na panda na wakazi wa kichochoro hicho, si mkandarasi peke yake.

Tatu, palipokuwa na kijumba patiwe jiwe sakafuni lenye jina. Halizuii gari la wagonjwa wala kiti cha magurudumu.

Nne, vibao vya historia viandikwe na wanahistoria. Mnao chuo kikuu tangu 1916, na chuo cha Kisanskriti ambacho chanzo chake ni mwaka 1791. Wasomi hawajawapungukia.

Tano, picha zipigwe marufuku kweli kweli kwenye ngazi za kuchomea maiti, na boti ziwekewe umbali. Habari ya maji na ya Panchakroshi nimekwisha kuisema.

Nategemea kufika tena mwezi wa Kartik, siku chache kabla ya usiku wa taa wa Dev Deepawali, kabla umati haujajaa ngazini. Nitakuja ofisini Jumatatu, kama nilivyoambiwa. Nitakuwa na risiti ya baba, ambayo nimeitia plastiki isichanike, na taa nyingine ya shaba niliyoinunua kwa fundi wa hapa Mombasa. Nionyesheni pa kuiweka.

Ni mimi,
Mjukuu wa fundi cherehani,
Mji wa Kale, Mombasa.